Kisanduku cha Sita

Fomu ya ununuzi wa ardhi ina visanduku vitano:
makazi, biashara, shamba, kiwanda, makaburi.
Miaka kumi na saba naijaza pale komini,
kidole changu kimegeuka zambarau kwa wino wa muhuri,
na sijawahi kukosa pa kuweka alama
hadi alipoingia Mama Chola Mufunga, viatu mkononi,
tope la dembo limempanda mpaka kwenye ugoko.

Anauza hekta kumi na moja, upande ule
ambako Kafubu hulegea, ikasahau kuwa ni mto,
ikajilaza kwenye nyasi kama mgonjwa aliyepata nafuu.
Mnunuzi ni sisi. Komini.
"Mtajenga nini?"
Nikatazama azimio la baraza, nikalitazama tena.
Hatujengi kitu, mama.
Akacheka hadi akatafuta kiti.

Baraza lilibishana siku tatu.
Mheshimiwa Kaumba alipiga meza:
barabara ya soko ina mashimo ya kuogea bata,
nasi tununue majani? Tununue vyura?
Na mashimo yapo kweli, yameniharibia rimu mbili za baiskeli.
Ndipo akasimama Mwape, fundi bomba, mtu wa maneno machache:
"Walipofukia dembo la juu wakajenga gereji,
visima vyetu vilikauka mwezi wa nane.
Januari maji yakarudi,
ila yalipitia mlangoni,
yakaondoka na kitanda cha mwanangu."
Akaketi.
Hoja ikapita kwa kura moja.

Tulikwenda kupima Jumanne, mimi na kijana Kisimba,
kamba ya mita, mawe manne, kopo la rangi nyekundu.
Vichuguu vya kule vinaipita ofisi ya meri kwa urefu.
Huku mjini kichuguu kimoja huzaa nyumba nne na choo:
kinachimbwa, kinafinyangwa, kinachomwa, kinahesabiwa kwa tofali.
Vile bado ni vya mchwa.
Na penye udongo wa shaba, mchungu,
ambao hata magugu huukataa,
kulikuwa na vijiua vidogo mno,
vimechanua kana kwamba hakuna aliyewaambia
kuwa wamesimama juu ya sumu.
Rangi yao ni ya kidole changu.
Nilikificha mfukoni, sijui kwa nini.

Korongo wawili walitutazama
kama wenye nyumba wanaoona wageni wakipima kitanda chao.
Kisimba akauliza: na hawa, watatia sahihi wapi?

Mama Chola alitangulia, akikwepa maji kwa mazoea.
"Hapa naokota uyoga mvua ya kwanza ikinyesha.
Mlinzi wenu atanifukuza?"
Nikasema nitauliza.
Sijauliza bado.
Kampuni ya mchanga ilimpa bei mara mbili ya yetu,
akaikataa. Nilipotaka kujua sababu
alisema tu: "Wale walikuja usiku."

Ofisini nikachukua rula,
nikachora kisanduku cha sita chini ya makaburi,
kimepinda kidogo upande wa kulia.
Nikaandika: *kuachwa*.
Mkuu wangu akavua miwani.
"Kuachwa na nani? Ardhi imekuwa mke?"
Nikamwambia, bwana mkubwa, neno jingine sinalo.
Akaguna. Akagonga muhuri.
Noti za franga zikahesabiwa mara tatu,
mama akazifunga kwenye pindo la kitenge,
akaondoka bila kuvaa viatu.

Jioni nilinunua makala kwenye kona, kopo mbili,
watoto walishaanza kudai bukari.
Nilipolimwaga kwenye jiko kopo la kwanza,
kipande kimoja kilikuwa hakijaungua vizuri,
gamba la mti lingali juu yake, na kuvu nyeupe kwenye gamba.
Nilikishika kwa muda.
Maji yalikuwa yameshatengwa. Nikakiweka motoni.
Kilitoa moshi mwingi kuliko vingine,
na mke wangu akafungua dirisha.